Kiti mwendo cha umeme cha mtumba: kikague hivi kabla hujatoa pesa

Viti mwendo vya umeme vingi tunavyoviona Afrika Mashariki vimeshakaliwa na mtu mwingine. Ndugu aliyeko Ulaya au Uarabuni anakipata kwa bei nafuu, au kontena la msaada linashushwa, au dalali anakutumia picha tatu kwenye simu, zote zimepigwa kwa mbele. Kikiwa kizima, mtu aliyekuwa anasubiri kusukumwa anaenda dukani mwenyewe. Kikiwa kibovu, umenunua kilo 100 za chuma za kuziba sebule.

Mwongozo huu ni wa anayenunua, na pia wa anayetaka kumwelekeza ndugu wa ng'ambo akague nini. Kwenye uchaguzi wote nina swali moja tu: kikiharibika, nani hapa mtaani atakitengeneza? Mbwembwe za kiti zije baadaye.

Beba futi, tochi, na mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya mafundi redio. Na mtumiaji mwenyewe awepo. Kumnunulia mtu kiti bila yeye kukikalia ni kumnunulia viatu kwa kukisia.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani, siyo dukani

Pima mlango mwembamba kuliko yote anayopita mtumiaji kila siku. Mara nyingi ni wa choo. Viti vingi vya umeme vina upana wa kati ya sentimita 58 na 68, kwa hiyo sentimita mbili tatu ndizo zinazoamua kama mtu ataingia au atabaki kwenye korido. Pima ukiwa umefungua mlango kabisa, maana ubao wa mlango wenyewe unakula nafasi.

Halafu vizingiti. Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za rampu, yaani njia ya mteremko. Baraza lenye kimo cha sentimita 15 linataka rampu ya mita 1 na sentimita 80. Wenye nyumba wengi hujenga nusu ya hiyo, kisha wanashangaa kiti kinataka kupinduka kinyumenyume.

Tembea njia yenyewe mpaka barabarani. Andika ulichokanyaga: mchanga, kokoto, mtaro, tuta, matope ya masika. Orodha hiyo utaihitaji hatua ya tatu.

Usafiri nao usiusahau. Kiti kizito chenye betri kubwa hufika kilo 120 hadi 150, na hakuna konda atakayekibeba hata akitaka. Vile vya kukunja vyenye betri ya lithiamu huwa na kilo 25 hadi 30, watu wawili wanakitia kwenye buti ya teksi. Lakini vingi vya kukunja vina magurudumu madogo na kitako kama cha kiti cha harusini. Anayekaa saa mbili kwa siku atavumilia. Anayekaa saa 12 hapaswi kukigusa.

Hatua ya 2: Pima mwili, na uogope vidonda kuliko mwendo

Mtumiaji akae wima kwenye benchi gumu. Pima upana wa nyonga: huo ndio upana wa kitako cha kiti. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6: huo ndio urefu wa kitako. Kikiwa kirefu zaidi, mtu atateleza mbele ili goti lipate nafasi, na mgongo utapinda. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino akiwa amevaa viatu anavyovitumia: hapo ndipo pa kufunga sehemu ya kukanyagia miguu, ukiondoa kimo kinacholetwa na mto.

Sasa mto. Kwa mtu asiyehisi vizuri sehemu za chini, labda baada ya kuumia uti wa mgongo, mto ni muhimu kuliko mota zote mbili. Kuna kipimo cha mkono kinachofundishwa katika mafunzo ya viti mwendo ya Shirika la Afya Duniani, hakihitaji mashine. Mtumiaji akiwa amekaa, ingiza ncha za vidole kati ya mto na ule mfupa wa kukalia, kiganja kikitazama juu. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini milimita 5 au zaidi, pako salama. Usipoweza kuchezesha lakini vidole vinatoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hata kuvitoa ni shida, mto huo utamletea kidonda. Rudia upande wa pili. Mto wa mtumba karibu kila mara hushindwa mtihani huu, kwa kuwa sponji imeshalala. Ununue mwingine; usibishane na vidole vyako.

Viti vya bei kubwa vina mota ya kulaza. Hapa pana tofauti ambayo wauzaji huichanganya. Kuna kulaza kiti kizima, kitako na egemeo vikienda pamoja bila pembe ya nyonga kubadilika, na kuna kulaza egemeo peke yake. Ya kwanza huhamisha uzito kutoka makalioni kwenda mgongoni, hasa ikilala nyuzi 30 au zaidi. Ya pili, ikitumika yenyewe, humburuza mtu kwenye kitambaa, na ngozi huvutika. Kwa asiyeweza kujiinua kwa mikono, ile ya kwanza ndiyo ya kulipia. Ijaribu mpaka mwisho, mtu akiwa amekaa, na usikilize kama mota inalalamika.

Ukipata nafasi ya kumwona mtaalamu wa viti mwendo kwa hatua hii, nenda. Chuo cha TATCOT kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa kazi hii, na Nairobi kuna karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya. Hospitali zenye kitengo cha utengamao nazo huwa na mtu wa kuuliza.

Hatua ya 3: Angalia gurudumu la nguvu limekaa wapi

Kiti cha umeme hakina usukani. Kina mota mbili, kila moja na gurudumu lake, na kinakata kona kwa kuzungusha moja haraka kuliko nyingine. Wazo hilo, pamoja na kijiti cha kuongozea ambacho mafundi hukiita jostiki, lilikuwemo kwenye kiti ambacho mhandisi George Klein na wenzake wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walikiunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya wanajeshi waliopooza baada ya vita. Msingi huo haujabadilika. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka gurudumu lenye mota.

Likiwa katikati, na magurudumu madogo mbele na nyuma, kiti kinajizungusha palepale kama pia. Ndani ya nyumba yenye korido nyembamba hakuna kinachokishinda. Ila kikifika kwenye mtaro au tuta, magurudumu madogo ya mbele na ya nyuma yanaweza kukanyaga kingo mbili huku lile la nguvu likining'inia hewani. Hapo utazungusha mota mpaka jioni.

Likiwa mbele, gurudumu kubwa ndilo la kwanza kukutana na kizingiti, na linakipanda vizuri. Shida ni mkia: ukikata kona nyuma inatupwa nje, na kuta za nyumba zitakuwa mashahidi.

Likiwa nyuma, kiti kinahitaji nafasi zaidi ya kugeuza, lakini kinakwenda moja kwa moja na kinatulia kwenye mwendo. Udhaifu wake ni yale madogo ya mbele, ambayo huzama kwenye mchanga. Kwa barabara zetu za vumbi mimi ningechukua hiki cha nyuma, ilimradi magurudumu ya mbele ni mapana na yana kipenyo cha kutosha. Kwa anayeishi ghorofani kwenye lifti na sakafu za marumaru, cha katikati.

Viti vipya zaidi vina kihisi kinachotambua kiti kinapovutwa pembeni na mwinamo wa barabara, kisha kinarekebisha mota chenyewe. Kwa anayeongoza kwa kidevu, au kwa kuvuta na kupuliza pumzi kwenye mrija, kihisi hicho kinapunguza uchovu sana. Kwa mwenye mkono mzima ni starehe tu.

Hatua ya 4: Betri

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopigwa.

Fungua kifuniko. Kwa kawaida utakuta betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, jumla volti 24. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri za risasi (za asidi, siyo za lithiamu) zilizozidi miaka mitatu zihesabu zimekufa, hata zikisoma vizuri kwenye mita. Angalia kama tumbo limevimba, kama tuminali zina unga mweupe au wa kijani. Yote hayo ni maneno ya kuteremshia bei.

Pima baada ya kiti kutolewa kwenye chaja kwa saa kadhaa, siyo mara tu chaja ilipochomolewa, maana hapo mita itakudanganya. Kila betri iliyojaa isome kama volti 12.7 au zaidi. Pima moja moja. Ukikuta moja ina 12.8 na nyingine 11.9, jumla inaweza kuonekana ya kuridhisha, kumbe moja inambeba mwenzake. Inayosoma karibu 10.5 huenda ina seli iliyokufa ndani.

Kisha ijaribu ikiwa na mzigo. Mtumiaji apande rampu au kilima kidogo huku ukitazama taa za chaji kwenye jostiki. Taa zikishuka kutoka kijani hadi nyekundu wakati wa kupanda, halafu zikirudi juu kiti kinaposimama, betri zimechoka. Muuzaji atakuambia ni kawaida. Siyo kawaida.

Usikubali ushauri wa kufunga betri za gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kiti kinavuta taratibu kwa saa nyingi, na betri ya gari ikinyonywa hivyo inakufa mapema. Tena nyingi zina maji ya asidi yanayoweza kumwagika chini ya mtu ambaye pengine hahisi miguu yake. Tafuta betri za kunyonywa kwa muda mrefu zilizofungwa kabisa, za jeli au AGM (asidi yake imenyonywa kwenye mkeka, haimwagiki). Maduka ya sola yanazo nyingi, na hii ni bahati yetu. Ila pima sanduku la kiti kwanza: betri ya kiti kidogo huwa na amp-saa (kipimo cha umeme inaoweza kubeba) 32 hadi 36, ya kiti kikubwa 70 hadi 75, wakati ile ya sola ya amp-saa 100 inayopendwa madukani ni ndefu mno na haitaingia. Nunua mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Mpya ikifungwa pamoja na ya zamani, ya zamani itaivuta chini.

Na lithiamu? Aina ya fosfeti ya chuma (LiFePO4) ni nyepesi, uzito wake ni kama nusu ya risasi au chini ya hapo, na inastahimili chaji nyingi zaidi. Lakini usichomoe risasi na kuchomeka lithiamu kama unayebadilisha balbu. Kwanza, chaja lazima iwe yake. Pili, taa za kwenye jostiki zimepangwa kwa risasi. Volti ya lithiamu hukaa palepale mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo taa zitaonyesha kumejaa, kisha kiti kitazimika ghafla katikati ya barabara. Tatu, kiti kikiteremka kilima mota zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ikiwa betri imejaa pomoni, ubao wake wa ulinzi unaweza kukata umeme, na kiti kikakwama na breki zote. Kama kiti kilitoka kiwandani na lithiamu, hayo yameshafikiriwa. Kama ni fundi anakubadilishia, mwulize hayo matatu na umsikilize anavyojibu. Mafundi waliozoea betri za pikipiki za umeme, ambazo Nairobi na Kigali zimekuwa nyingi, ndio wa kuanza nao.

Hatua ya 5: Chaja

Soma kibandiko. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. Chaja iliyoandikwa 100–240 inafanya kazi popote. Iliyoandikwa 120 peke yake ukiichomeka ukutani utasikia mlio mmoja tu. Baadhi zina swichi ndogo ya 115 na 230 pembeni, iangalie kabla ya chochote.

Plagi inayoingia kwenye kiti mara nyingi ina pini tatu. Ya tatu kazi yake ni kukiambia kiti kisitembee wakati kinachajiwa. Ndiyo maana wakati mwingine kiti "kilichokufa" kinafufuka ukitoa uchafu kwenye tundu hilo.

Gharama ya umeme isikutishe. Betri za amp-saa 50 kwa volti 24 hubeba uniti 1.2. Hata ukiongeza upotevu, ukichaji kutoka sifuri haufiki uniti mbili.

Hatua ya 6: Jostiki na ubongo wake

Washa. Sukuma jostiki kidogo, iachie: irudi katikati yenyewe na kiti kisimame. Izime, ishike ikiwa imeinama mbele, uiwashe hivyohivyo. Kiti kizima kitakataa kuondoka na kitawasha taa za onyo. Kikiruka mbele, ondoka hapo.

Kagua mpira unaozunguka shina la jostiki. Ukiwa umepasuka, mvua moja tu inatosha kuua ubao wa ndani, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa baada ya betri. Mfuko wa plastiki juu ya jostiki wakati wa mvua siyo ushamba, hata Ulaya wanafanya. Fuata na waya wake hadi chini. Mara nyingi umebanwa na egemeo la mkono.

Jina lililoandikwa kwenye jostiki lina maana kuliko la kiti. Sehemu kubwa ya viti hutumia ubongo, yaani kifaa kinachoamuru mota, wa PG Drives au wa Dynamic Controls, kampuni mbili zilizokulia kwenye miji yenye jina moja, Christchurch ya Uingereza na Christchurch ya New Zealand. Ukiwa na majina hayo, vipuri na maelezo vinapatikana kirahisi. Kiti kikigoma, taa humeta kwa idadi maalum, na idadi hiyo inasema tatizo. Kwenye VR2, ubongo mmojawapo wa PG, kwa mfano, moja ni betri, mbili ni uunganisho wa mota ya kushoto, saba ni jostiki, tisa ni breki. Hesabu taa kabla hujamwita fundi, utaokoa pesa ya kubahatisha.

Jua pia kwamba kasi na ukali wa kuondoka vimepangwa kwa ajili ya aliyekuwa nacho. Kikiwa kizito kuitika au kinaruka kama farasi, huenda siyo kibovu. Kinahitaji kupangwa upya kwa kifaa cha fundi.

Hatua ya 7: Breki na mota

Zima kiti, kisukume. Kisisogee hata kidogo. Breki zake hushikwa na springi na kuachiwa na umeme, kwa hiyo umeme ukikatika kiti kinajifunga chenyewe. Ukisukuma jostiki utasikia "tik" ndogo kabla hakijaondoka. Hiyo ni breki ikiachia. Usiposikia upande mmoja, kuna kazi.

Kwenye mota kuna vishikio vya kuachia gia ili kiti kisukumwe kwa mkono. Jaribu vyote viwili, mahali tambarare. Vikiwa vimeachiwa kiti hakina breki kabisa, kwa hiyo kwenye kilima visiguswe mtu akiwa amekaa. Zungusha kila gurudumu kwa mkono: likikwaruza, ni giaboksi au beringi.

Endesha dakika kumi, kisha shika mota zote mbili. Joto lilingane. Moja ikiunguza na nyingine ni vuguvugu, fungua uone kaboni zake, vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani ya mota. Kaboni huisha, na fundi anayetengeneza drili atakutafutia au atakuchongea. Mota zisizo na kaboni, zinazofungwa ndani ya gurudumu kwenye viti vya kukunja, hazina cha kuisha hapo, ila zikiungua hazina fundi wa karibu.

Tairi ni jambo dogo. Saizi 3.00-4 hupatikana, kwa kuwa toroli nazo huitumia. Zilizojazwa sponji hazipati pancha lakini zinakurusha.

Hatua ya 8: Bei, na kama kinatoka ng'ambo

Chukua bei anayotaka muuzaji, toa bei ya betri mbili mpya, toa ya mto. Kilichobaki ndicho cha kujadili.

Ndugu aliyeko nje akupigie picha vibandiko vinne: betri, mota, jostiki, chaja. Kikija kwa meli, ni afadhali kije bila betri. Betri ya risasi ikikaa wiki nyingi bila chaji baharini na bandarini inaweza kuharibika ndani na isirudi. Kikija kwa ndege, jostiki ifunguliwe iingie kwenye mzigo wa mkononi. Shirika la ndege liambiwe mapema aina ya betri. Ya lithiamu inayochomolewa kwa kawaida hairuhusiwi kuvuka wati-saa 300.

Na kama mtumiaji ana mikono yenye nguvu na tayari ana kiti kizuri cha kusukuma, uliza kwanza bei ya gurudumu la umeme la kufunga mbele. Linainua magurudumu madogo yasiguse mchanga, linachomolewa akifika nyumbani, na fundi wa baiskeli za umeme analielewa siku hiyohiyo.

Ukishanunua na kufunga betri mpya, chaji usiku kucha mpaka taa ya chaja igeuke kijani. Siku za mwanzo nenda karibu tu, maana betri mpya za risasi hufikia nguvu zake kamili baada ya chaji kumi na kitu. Kisha chaji kila usiku hata kama umetembea kidogo, mahali penye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Joto la Dar au Mombasa linazeesha betri haraka: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu.